Mtu ni Afya: Neno, Kundi na Nyenzo katika Historia ya Umri Mrefu Kwenye Mwambao wa Ziwa Victoria

Utangulizi

Swali la namna binadamu anavyoweza kuishi miaka mingi huku akiwa na nguvu zake ni kongwe kuliko hospitali na kongwe kuliko maandishi. Siku hizi jibu lake hutolewa kwa njia ya orodha: kula mboga na matunda, kutembea kila siku, kulala vya kutosha, kuacha sigara, kupunguza chumvi, sukari na pombe, kunywa maji safi, kulala ndani ya chandarua. Orodha hiyo ni ya kweli, wala hakuna tabibu mwenye busara atakayeipinga. Kasoro yake ni kwamba inamtazama mtu mmoja mmoja, kana kwamba kila mtu huamka asubuhi akajichagulia peke yake tabia atakazoishi nazo.

Historia ya mwambao wa Ziwa Victoria upande wa Tanzania, hususan Mwanza, Ukerewe na Usukuma, inaonyesha sura nyingine. Huko, tabia zilizorefusha maisha ya watu zilijengwa na mambo matatu yaliyokwenda pamoja: neno lililoeleweka na wote, kundi lililolishika neno hilo, na nyenzo za kulitekeleza. Yalipokutana matatu hayo, mazoea yalibadilika kwa muda mfupi. Moja lilipokosekana, neno lilibaki midomoni. Mhadhara huu unafuatilia mkondo huo tangu maisha ya kale ya Ukerewe yaliyoandikwa na Aniceti Kitereza, kupitia kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, hadi masuala ya Ukimwi na ya uzee wenyewe. Kwa kuwa neno lililobeba sehemu kubwa ya historia hiyo lilikuwa la Kiswahili, suala hili ni la wanafunzi wa lugha kama lilivyo la waganga.

Afya kabla ya neno "afya"

Neno "afya" limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, likakutana na neno la Kibantu "uzima". Maneno haya mawili hayalingani kabisa. Uzima ni hali ya kuwa kamili, na pia ni uhai wenyewe. Mzima ni asiyeumwa, na mzima ni asiyekufa. Salamu za Kiswahili nazo zina falsafa yake. Anayeuliza "Hujambo?" anauliza kama mwenziwe hana jambo, yaani hana la kumsumbua. Afya katika salamu hiyo ni kukosekana kwa jambo. Msukuma anayejibu "mhola" anatangaza amani na usalama vilevile, na jibu lake hupita mwili wake likafika kwenye nyumba, mifugo na shamba. Katika lugha zote mbili, mtu hakuwa mzima peke yake.

Ushahidi ulio mpana kuliko wote wa mtazamo huo umo katika riwaya ya Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Kitereza alizaliwa mwaka 1896, akasomeshwa na wamisionari wa Kikatoliki, akatumia sehemu kubwa ya maisha yake kukusanya mila za watu wake wa Ukerewe. Aliikamilisha riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Ikakaa miaka mingi bila mchapishaji, hata mwandishi mwenyewe akaamua kuitafsiri kwa Kiswahili. Tafsiri hiyo ilichapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Mwandishi akafariki mwaka 1981. Tafsiri ya Kiingereza iliyofanywa na Gabriel Ruhumbika, naye mwana wa Ukerewe, ilitoka mwaka 2002.

Msomaji anayeitafuta afya katika riwaya hiyo haipati katika sura moja. Anaipata imetapakaa: katika kulima na kuvua, katika kupika na kukaribisha wageni, katika dawa za mitishamba, katika makatazo ya mama mjamzito, katika namna ya kumlea mtoto na kumtunza mgonjwa. Kisa chenyewe kimejengwa juu ya suala la afya. Myombekere na Bugonoka hawana mtoto, na kwa sababu hiyo ndoa yao inataka kuvunjwa na jamaa. Tiba inayotafutwa ni ya mwili wa mke, lakini haiwezi kuanza kabla ya kuponya uhusiano wa koo mbili, na uhusiano huo unaponywa kwa pombe ya ndizi inayopikwa kwa jasho la watu wengi. Majina ya watoto wanaozaliwa baadaye, Ntulanalwo na Bulihwali, yamebeba kumbukumbu ya msiba na hofu ya kifo. Jamii iliyowapa watoto majina ya namna hiyo ilijua vizuri kwamba kufikia uzee hakukuwa jambo la kawaida.

Hapana budi kuwa waangalifu. Si haki kuigeuza Ukerewe ya kale kuwa bustani ya watu waliokula vyakula vya asili wakaishi miaka mia. Watoto walikufa kwa homa na kuhara, wanawake walikufa katika uzazi, na ukame ulileta njaa. Kinachofaa kuchukuliwa kutoka kwa Kitereza ni namna mazoea yalivyoshikiliwa. Hakuna aliyekula vizuri, aliyefanya kazi kwa bidii au aliyejiepusha na hatari kwa kuwa alikuwa amesoma faida zake. Alifanya hivyo kwa kuwa nyumba, ukoo na majira ya mwaka vilimtaka afanye.

Kazi, ngoma na ghala

Usukuma unatoa mfano wa pili. Leo watu wa mjini hushauriwa kufanya mazoezi ya viungo. Katika vijiji vya Usukuma mazoezi hayakuwa na jina lake, kwa sababu yalikuwa ndani ya kazi, na kazi ilikuwa ndani ya ngoma. Bugobogobo, ngoma inayochezwa kwa majembe, ilizaliwa katika kilimo cha pamoja: wapigaji huwatangulia wakulima shambani na majembe hupanda na kushuka kwa mdundo mmoja. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vilishindana kila baada ya mavuno. Mzee ambaye hakuweza tena kulima aliweza kuimba, kutunga, kufundisha au kusimamia dawa za chama. Kwa hiyo, nguvu zilipopungua hakupoteza nafasi yake. Katika Makumbusho ya Bujora, karibu na Kisesa, kumbukumbu za vyama hivyo zimehifadhiwa, na sherehe za ngoma zimeendelea kufanyika.

Upande wa chakula kulikuwa na hekima ya kuweka akiba. Viazi vitamu vilikatwa vikaanikwa vibichi, vikawa michembe. Au vilichemshwa kwanza ndipo vikaanikwa, vikawa matobolwa. Vyote viwili vililiwa wakati wa kiangazi, pamoja na karanga, maziwa au mboga za majani zilizokaushwa. Ziwa lilitoa sato, ningu, kambale, furu na dagaa. Kwa lugha ya wataalamu wa lishe, hicho kilikuwa chakula cha mchanganyiko. Kwa lugha ya wenyeji, lilikuwa ghala lisilokauka. Maneno haya mawili, michembe na matobolwa, yamo katika Kiswahili cha Kanda ya Ziwa hadi leo, na ni urithi wa maarifa ya afya kama ilivyo kumbukumbu yoyote ya maandishi.

Ziwa lenye sura mbili

Hata hivyo, ziwa lililolisha ndilo lililougua na kuugulisha. Kichocho kimekuwa mzigo mkubwa wa mwambao huu. Mayai ya minyoo yake hutoka kwa mgonjwa katika kinyesi au katika mkojo, kutegemea aina. Yakifika majini huangua vijidudu vinavyoingia ndani ya konokono, vikakua, vikatoka, vikapenya ngozi ya mtu anayeoga, anayevua, anayefua au anayechota maji. Kando ya ziwa na visiwani ndiko aina ya kichocho cha tumbo ilikoshamiri. Mbali na ziwa, kwenye mabwawa na mashamba ya mpunga, ndiko kulikoenea kichocho cha mkojo. Ugonjwa huu hauui kwa haraka. Hupunguza damu, huharibu ini au kibofu, na humwibia mtu nguvu zake mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo anayezungumzia maisha marefu yenye nguvu kwenye Ziwa Victoria hana budi kuanza na kichocho.

Serikali ya kikoloni ilitambua hilo. Mwaka 1949 utafiti wa tiba wa Afrika Mashariki uliweka makao yake Mwanza, na kazi iliyoanza hapo ilirithiwa baadaye na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Mzunguko wa kichocho ulifahamika vizuri maabara. Lakini maarifa hayo yaliandikwa kwa Kiingereza, yakasomwa na wachache. Mvuvi wa Ukara au mama wa Nansio hakuwa na njia ya kuyapata, wala neno la kuyabeba. Kati ya darubini na gati palikuwa na pengo la lugha.

Mwanza, mji wa kisomo

Pengo hilo lilianza kuzibwa na watu ambao hawakuwa madaktari. Mwaka 1968 ulianzishwa mjini Mwanza mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, kwa msaada wa UNESCO na Mpango wa Maendeleo wa Umoja wa Mataifa. Mradi ulihudumia mikoa minne ya ziwa: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambao baadaye uliitwa Kagera. Uliendelea hadi mwaka 1972. Jambo jipya katika mradi huo lilikuwa kwamba mtu mzima hakufundishwa herufi kwanza na maisha baadaye. Alifundishwa kusoma kwa kitabu kinachohusu kazi yake mwenyewe: pamba, migomba, ufugaji, uvuvi, au maarifa ya nyumbani. Mkulima alitamka silabi zake za kwanza kutoka katika jina la zao alilolima asubuhi ile.

Wakati huohuo taifa zima lilikuwa likisukumwa kwenye elimu ya watu wazima. Mwaka 1970 ulitangazwa na Mwalimu Julius Nyerere kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Ukerewe, kisiwa cha Kitereza, ikawa miongoni mwa wilaya chache zilizoteuliwa kufuta ujinga wa kutojua kusoma kabla ya nyingine. Hesabu za nchi nzima zinaonyesha kasi ya mwendo huo: watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa asilimia 67 mwaka 1967, wakashuka kufikia asilimia 39 mwaka 1975. Mwaka 1974 gazeti la vijijini la Elimu Haina Mwisho lilianza kutolewa Mwanza, ili wale waliohitimu kisomo wasikose cha kusoma.

Kwa historia ya afya, jambo la maana hapa ni vikundi. Ilipofika mwaka 1973, karibu kila kijiji cha Kanda ya Ziwa kilikuwa na watu waliozoea kukaa pamoja chini ya mti au katika darasa la jioni, mmoja akisoma na wengine wakijadiliana, kwa Kiswahili. Kundi lilikuwapo tayari. Lililobaki lilikuwa neno.

Mtu ni Afya, 1973

Kampeni ya Mtu ni Afya iliendeshwa nchi nzima mwaka 1973 kwa muda wa majuma 12, chini ya uongozi wa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima pamoja na Wizara ya Afya, Radio Tanzania na chama cha TANU. Ilitanguliwa na kampeni ndogo zaidi ya Wakati wa Furaha ya mwaka 1971, iliyoadhimisha miaka kumi ya Uhuru, na ikafuatwa na Chakula ni Uhai ya mwaka 1975. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo, na watu wapatao milioni 2 walishiriki, katika nchi ambayo sensa ya mwaka 1967 iliihesabu kuwa na watu milioni 12 na ushei. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi: kila juma kikundi kilisikiliza kipindi cha redio, kikasoma sura ya kitabu, kikajadili tatizo la kijiji chake, kisha kikaamua la kufanya kabla ya kukutana tena. Magonjwa yaliyozungumzwa yalikuwa yale ya kila siku: malaria, kuhara damu, minyoo ya safura, kichocho, kifua kikuu.

Jina la kampeni linastahili kuchunguzwa na wanaisimu. Sentensi ya kawaida ingekuwa "Mtu ana afya" au "Mtu awe na afya". Katika muundo huo afya ni kitu kinachomilikiwa. Anayo leo, kesho hana, na huenda akaitafuta dukani au hospitalini. "Mtu ni afya" inatumia kitenzi kishirikishi "ni", ambacho huunganisha nomino mbili na kuzilinganisha. Kwa mantiki kavu sentensi hiyo haikubaliki, kwa kuwa mtu si afya. Ndiyo maana humlazimu msikilizaji aikamilishe mwenyewe: mtu ni mtu kwa afya yake; pasipo afya utu wake umepungua; kuilinda afya ni kuulinda utu. Katika salamu za kale afya ilikuwa kukosekana kwa jambo. Katika jina hili afya imekuwa jambo lenyewe, tena jambo la kufanywa.

Kuna suala jingine la lugha ambalo halitajwi mara kwa mara. Tendo kuu lililotakiwa na kampeni lilikuwa kuchimba choo na kukitumia, kwa kuwa choo kinakata mzunguko wa kichocho, safura na kuhara kwa pamoja. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki choo ni mahali pa aibu. Mkwe na mkamwana hawakutakiwa kukutana njiani kuelekea huko, seuze kutumia shimo moja. Kulitamka jambo hilo mbele ya wazee kwa lugha ya nyumbani kulikuwa ukosefu wa adabu. Kiswahili kilikuja na tafsida zake: msalani, haja, kujisaidia. Aidha, kwa wengi wa Kanda ya Ziwa hakikuwa lugha ya jikoni wala ya ukwe. Kilikuwa lugha ya mkutano. Yumkini umbali huo ndio uliowezesha baba mkwe na mkamwana kukaa katika kikundi kimoja wakazungumzia choo bila kuvunjiana heshima. Katika jambo hili ugeni wa Kiswahili ulikuwa faida yake.

Matokeo yalionekana ardhini. Vyoo vilivyochimbwa nchini wakati wa kampeni hiyo vilihesabiwa kwa mamia ya maelfu. Majani yalifyekwa kuzunguka nyumba, visima vikazungushiwa uzio, madimbwi yakafukiwa. Haya hayakufanywa na mtu mmoja aliyeshawishika usiku kwa redio yake. Yalifanywa na kikundi kilichoahidiana Jumatano na kuulizana Jumatano iliyofuata.

Pale nyenzo zilipokosekana

Mwezi Novemba mwaka huohuo wa 1973 ilitangazwa kwamba kuishi katika vijiji vya ujamaa si hiari tena, bali ni amri. Katika miaka iliyofuata Operesheni Vijiji ilihamisha kaya nyingi za Usukuma kutoka katika makazi yao yaliyotawanyika. Shabaha yake ilikuwa kuwasogeza watu karibu na shule, zahanati na maji. Lakini aliyehamishwa hakubeba choo chake. Familia iliyochimba kwa ari mwaka 1973 ilijikuta mahali papya, ikianza na kibanda cha muda, mara nyingi kabla ya kisima kukamilika. Uchumi ulipodorora mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980, zahanati zikakosa dawa na madarasa ya kisomo yakakosa vitabu. Neno lilikuwa bado linajulikana na kila mtu. Kundi lilikuwa limechoka, na nyenzo zilikuwa zimekwisha.

Mji wa Mwanza, uliopandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2000, unatoa mfano ulio dhahiri zaidi. Vitongoji vyake vingi vimepanda juu ya vilima vya mawe. Mkazi wa huko anayeambiwa achimbe choo anaambiwa apasue mwamba. Shimo huwa fupi, hujaa upesi, na mvua za masika huteremsha uchafu hadi ziwani, ambako wengine wanaoga na kuchota. Hapo hakuna upungufu wa tabia njema, kuna upungufu wa bomba. Mifereji myepesi ya majitaka iliyoanza kulazwa katika baadhi ya vilima hivyo katika miaka ya 2010 ni jibu la kihandisi kwa swali ambalo kwa muda mrefu lilidhaniwa kuwa la maadili.

Somo la Ukimwi

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa mkoani Kagera, ng'ambo ya ziwa. Gonjwa hilo liligeuza hesabu zote za umri. Wastani wa matarajio ya kuishi kwa Mtanzania, kwa mujibu wa sensa, ulikuwa miaka 50 mwaka 1988, na miaka 14 baadaye, mwaka 2002, ulikuwa umeongezeka kwa mwaka mmoja tu, kufikia 51. Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha miaka 61, na kati ya sababu za mruko huo ni dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi, chandarua na chanjo za watoto.

Tafiti mbili zilizofanyika Mwanza zinafaa kuwekwa sambamba. Ya kwanza, ya miaka 1991 hadi 1994, ilihusisha jamii 12 za vijijini. Katika nusu yake zahanati ziliimarishwa ili zitibu vizuri magonjwa ya zinaa. Watumishi walifunzwa na dawa zikapatikana. Maambukizi mapya ya virusi yalipungua kwa karibu asilimia 40 yakilinganishwa na jamii nyingine. Ya pili ni mradi wa MEMA kwa Vijana, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990 katika jamii 20 za mkoa huo. Huu ulifundisha vijana wa shule za msingi kuhusu uzazi na Ukimwi, ukaelimisha walimu na watumishi wa afya. Tathmini iliyofanyika miaka 2007 na 2008 ilionyesha kwamba maarifa ya vijana yaliongezeka na yakadumu. Lakini katika maambukizi ya virusi hapakuonekana tofauti ya maana kati yao na wenzao.

Matokeo haya yasisomwe kama dhihaka kwa walimu. Binti aliyefundishwa vizuri alirudi katika kijiji kilekile ambacho sare, sabuni na nauli vilitegemea zawadi za wanaume waliomzidi umri. Neno alikuwa nalo, pengine kuliko mama yake. Hakuwa na kundi la kumlinda wala nyenzo za kukataa. Kikundi cha mwaka 1973 kiliwaweka pamoja wazee na vijana, wanaume na wanawake. Elimu iliyowekwa katika kichwa cha mtoto peke yake ilimwachia mtoto mzigo wa kijiji kizima.

Uzee ukiwa hatari

Linabaki suala chungu kuliko yote. Mazungumzo kuhusu maisha marefu huchukulia kwamba kila jamii huufurahia uzee. Katika sehemu za Usukuma, hasa katika miaka ya 1990 na 2000, wanawake wazee waliuawa kwa tuhuma za uchawi, na mojawapo ya "dalili" zilizotajwa ni macho mekundu. Sababu ya macho hayo haikuwa siri. Ni moshi. Mwanamke aliyepika kwa kuni, mabua na kinyesi cha ng'ombe kikavu, ndani ya jiko lisilo na dirisha kwa miaka hamsini, huwa na macho mekundu. Alama ya utumishi wake kwa familia ilisomwa kama alama ya uovu dhidi ya familia hiyohiyo.

Hapa pia lugha ina sehemu yake. Jamii ilikuwa na neno la kueleza kifo cha mtoto, nalo ni uchawi, kabla haijapewa neno lingine lenye nguvu sawa. Mashirika yaliyowatetea wazee, wilayani Magu na kwingineko, yalijifunza kwamba kukanusha imani hadharani hakutoshi. Yalifanya kazi na viongozi wa jadi, na vijana, na waimbaji, wakati huohuo yakisaidia ujenzi wa majiko sanifu yanayopunguza moshi na nyumba bora kwa wajane. Jiko sanifu hulinda mapafu na macho, kama mtaalamu yeyote wa afya atakavyosema. Katika Usukuma lilikuwa na faida ya ziada, kwamba lilimwondolea bibi alama ambayo ingeweza kumgharimu maisha. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, iliyomtambua mzee kuwa mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea, iliweka suala la ulinzi na matibabu ya wazee katika wajibu wa serikali na jamii, badala ya kuliacha kuwa huruma ya jamaa peke yake.

Hitimisho

Jina la Mtu ni Afya halikufa. Kampeni za karne hii za usafi wa mazingira zimerudia muundo wake, kama katika wito wa Nyumba ni Choo, ambao nao hutumia "ni" ileile kulinganisha vitu viwili visivyolingana ili msikilizaji ajaze pengo. Mwaka 2024 jina lenyewe la mwaka 1973 lilirejeshwa katika kampeni ya taifa. Kurejeshwa huko kunaonyesha kwamba neno zuri linaweza kuishi kuliko waliolitunga. Kunaonyesha pia kwamba kazi lililotumwa miaka 50 iliyopita haijakwisha.

Magonjwa ya leo yameongezeka sura. Shinikizo la damu na kisukari, yaliyodhaniwa kuwa ya matajiri, yamefika Mwanza mjini na vijijini, na orodha ya tabia njema inahitajika kuliko wakati wowote. Lakini historia ya mwambao huu inamtaka anayeiandika orodha hiyo ajiulize maswali matatu kabla ya kuitangaza. Je, imetamkwa kwa lugha ambayo mkwe na mkamwana wanaweza kuijadili pamoja? Je, kuna kundi litakaloulizana juma lijalo? Je, aliyeambiwa achimbe ana udongo wa kuchimba, na aliyeambiwa ale mboga ana maji ya kuzimwagilia?

Wataalamu wa Kiswahili wanahusika na swali la kwanza moja kwa moja, na hawana ruhusa ya kuyapuuza mawili yanayofuata. Walioandika vitabu vya kisomo vya Mwanza walijua kwamba silabi hujifunzwa vizuri zaidi ikiwa imetoka shambani kwa msomaji. Ushauri wa afya nao hushikwa kwa namna hiyohiyo. Mzee wa Ukerewe anayefika miaka themanini akiwa bado anatengeneza nyavu zake kandokando ya ziwa hakufika hapo peke yake. Alifikishwa na waliochimba, waliofyeka, waliopika na waliomsomea kwa sauti yeye alipokuwa hajajua kusoma.